Mashine ikisoma sabuni badala ya protini

Sisi ni maabara inayopima protini za wateja kwa spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli. Lalamiko linalorudi kila mara ni hili: "Nimelipa, mmeniletea albumini tu," yaani protini iliyojaa kuliko zote kwenye damu. Majuzi limekuja lingine linalofanana nalo, safari hii kutoka kwa mtafiti aliyeamua kuandaa sampuli mwenyewe ili apunguze gharama. Majibu yalipotoka mabovu na bili ya muda wa mashine ikabaki palepale, akaona ametapeliwa. Uchungu wake tunauelewa, ila bei hiyo tunaisimamia.

Seli zake alizipasua kwa Triton X-100, sabuni inayopatikana karibu kila maabara. Mkia wa molekuli yake ni vipande vinavyojirudia, kila kimoja daltoni 44 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), kwa hiyo kwenye spektra, yaani grafu ya mashine, tuliona vilele vikifuatana kwa hatua ya 44 na peptidi, yaani vipande vya protini tunavyovitafuta, zikiwa zimefunikwa. Sabuni hiyo hushika chaji ya umeme, ambayo mashine huitegemea kuona molekuli, kwa urahisi mno, na peptidi hazipati nafasi. Tena hung'ang'ania ndani ya kolamu, mrija unaotenganisha peptidi kabla hazijaingia mashineni, na mteja anayefuata hukuta mabaki yake. Kazi ya kusafisha ilituchukua muda mrefu kuliko kupima sampuli zenyewe. SDS, sabuni nyingine ya maabara, nayo ni mbaya kwa mashine, lakini tukiambiwa mapema tunajua namna ya kuiondoa kabla ya kuweka tripsini, kimeng'enya kinachokata protini kuwa peptidi. Tuambieni tu!

Kuhusu albumini: ni karibu nusu ya protini zote za plazma (sehemu ya majimaji ya damu), miligramu 35 hadi 50 kwa mililita. Interleukini-6, protini ya kinga ya mwili, kwa mtu mwenye afya ni pikogramu chache kwa mililita hiyohiyo. Hapo kuna pengo la takriban mara bilioni kumi, na hakuna spektrometa ya masi inayoliruka kwa sampuli ghafi. Ndiyo maana tunashauri kuondoa kwanza protini zilizojaa, au kugawa sampuli katika mafungu. Kila fungu linaingia mashineni peke yake, na gharama inapanda hapo. Anayekataa hatua hii hupata albumini, kama tulivyomwonya.

Kuna mwingine alileta plazma nyekundu kwa sababu damu ilitikiswa ovyo; himoglobini, protini ya seli nyekundu zilizopasuka, ikatawala kila kitu. Mwingine alitaka wagonjwa wapimwe wiki hii na wenye afya mwezi ujao, fedha zikipatikana. Tulikataa, maana tofauti ambayo angeiona ingeweza kuwa ya mashine, si ya ugonjwa. Sisi huchanganya mpangilio wa makundi yote mawili na kupitisha sampuli ya ukaguzi katikati. Hiyo nayo imo kwenye bili, na hatuiondoi hata mteja akibembeleza.

Kama bajeti ni ndogo, punguza idadi ya maswali, usipunguze maandalizi. Gawanya sampuli katika vichupa vidogo kabla ya kugandisha kwa nyuzi -80, ili isiyeyushwe mara kwa mara. Vaa glavu, funga nywele, maana keratini ya ngozi tunaiona kila mara. Kisha tuandikie orodha ya kila ulichoweka kwenye bafa, yaani kimiminika ulichoandalia sampuli, hata kile unachodhani hakina maana.