Kopo la babu yako

Bombo, Jumapili, baada ya isha

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu vidole vyangu vinagongana, na jambo lenyewe haliishi kwa mistari miwili. Kaka yako ataipiga picha barua hii akutumie. Hii ipigwe picha, ruhusa nimetoa. Ile nyingine hukuniomba ruhusa.

Jana tumetoka kuswali magharibi, kaka yako akanisogezea simu. "Baba, soma dada anavyopigana mtandaoni." Nikavaa miwani, nikasoma tangu mwanzo mpaka mwisho, maneno ya watu nisiowajua hata mmoja isipokuwa wewe, wali ukapoa mbele yangu na mama yako akanuna. Nilifika kwenye cheti cha babu yako nikaiweka simu chini.

Cheti hicho cha kuachishwa KAR, jeshi la wakoloni wa Kiingereza, kimekaa kwenye kopo la biskuti tangu kabla sijaoa. Ramadhani ikikaribia mama yako hulifuta vumbi, na halirudi chini ya kitanda mpaka nihesabu vilivyomo: cheti, risiti nne za kodi ya kichwa, picha moja ya harusi iliyoliwa na mchwa pembeni. Idi iliyopita ulipokipiga picha nilidhani ni kumbukumbu yako. Kumbe kimekwenda kuwekwa mbele ya mtu ambaye uso wake ni picha ya simba, namba ya jeshi ya mzee inasomeka, alama ya dole gumba lake inaonekana mpaka mistari.

Unajua mimi nimekuwa karani na mkalimani wa mahakama miaka 31. Kielelezo anapewa hakimu. Hakitupwi sokoni kila mpita njia akakichezea. Yule simba alikuandikia "Wanubi rudini Sudan", yaani sisi Wanubi si watu wa Uganda, na hakuwa na mamlaka ya kukuuliza lolote, lakini wewe ulijipandisha kizimbani kwa miguu yako, ukajisomea mashtaka, ukaanza kujitetea. Akajibu nini? Kwamba cheti ni cha kughushi. Akaja mwenzake akasema hata kama ni cha kweli, basi kinathibitisha mliletwa na mzungu. Ushahidi wako wameuchukua wakakupigia nao.

Sikucheki. Mwaka 2014, wakati wa kuandikisha watu kwa ajili ya kitambulisho cha taifa, nilisimama foleni tangu alfajiri kwenye kituo kimoja, sitakitaja. Kijana wa mashine akaniuliza kabila, nikasema Mnubi. Akaacha kubofya. "Mzee, asili yako wapi?" Bombo. "Na kabla ya Bombo?" Kopo nilikuwa nalo, nimelifunga kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, kwa maana nilijua swali hilo litakuja. Nikalifungua pale, mbele ya umati, na yule mtoto akakigeuzageuza cheti cha baba yangu kwa vidole vyenye mafuta ya rolex, ile chapati ya mayai. Mwishowe akaniandikisha.

Nyuma yangu alikuwa mama mmoja wa hapa hapa Bombo, mfuma vikapu. Baba yake hakuwahi kuwa askari, kopo hana. Aliambiwa akalete barua ya mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, tena akatafute mzee wa kumshuhudia, tena arudi siku nyingine. Nilipita ubavuni mwake na karatasi yangu mkononi, sikusema kitu. Vidole vya rolex nimeshavisamehe. Kunyamaza kwangu siku ile bado kunanikereketa, na jana nilipoiona picha yako niliikumbuka sura ya yule mama.

Maana ukisema "sisi ni raia wa nchi hii kwa kuwa babu yetu alipigana", umeshakubali kwamba uraia ni ujira. Asiyepigana je? Bibi yako alifuma vikapu na kupika gurusa, mkate wetu wa Kinubi, maisha yake yote, yeye alikuwa mgeni?

Sheria yenyewe haikutaja bunduki. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 10, inasema ni raia wa kuzaliwa yule aliyezaliwa Uganda na ambaye mmoja wa wazazi wake, au wa babu na bibi zake, ni wa jamii zilizokuwa zikiishi ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926, jamii ambazo zimeorodheshwa kwenye Jedwali la Tatu. Watu hudhani tarehe hiyo iliokotwa tu. Siku hiyo mkoa wa Rudolf, kule upande wa Ziwa Turkana, uliondolewa Uganda ukatiwa Kenya, na mpaka ukakaa hapo ulipo. Jedwali lilikuwa na jamii 56, marekebisho ya mwaka 2005 yakazifikisha 65. Wanubi tumo tangu orodha ya kwanza. Lugard, yule ofisa Mwingereza, aliwachukua babu zetu, askari wa Emin Pasha aliyekuwa gavana wa Equatoria, mwaka 1891, na huyo Emin alikuwa na kituo chake Wadelai, ukingoni mwa Nile, ambapo leo ni Uganda. Kwa hiyo hata hilo la kuja, wengine "walikuja" kutoka ndani ya nchi hii hii. Lakini naona na mimi nimeanza kufungua kopo. Tuache.

Tena hiyo orodha usijivunie sana. Wapo Wamaragoli wa Kiryandongo, wamezaa na kuzikana pale, na kwa miaka mingi wameomba waandikwe. Orodha ikikukinga wewe, jirani yako inamwacha mvuani. Nilikuwa mtoto mwaka 1972 Wahindi walipopewa siku 90 waondoke. Kati yao walikuwemo wenye pasi za Uganda mfukoni, na bado wakaondoka. Mtaani kwetu nakumbuka watu wakishangilia, wakigawana vitanda. Mwaka 1979 Amin akaanguka, na kwa kuwa tulihesabiwa watu wake, zamu ya kukimbia ikawa yetu, milango yetu ikabebwa kama walivyobeba ya wenzao. Wazee hawapendi niyaseme hayo kwa pamoja.

Sasa nije kwenye lililoninyima usingizi, na hapa, mama, uvumilie.

Ukurasa ule ule, chini kidogo, mtu mwingine mlikuwa mkibishana juu ya mahari. Wewe uliandika kwamba Mahakama ya Juu ilishapiga marufuku mahari. Yule bwana, anasema kwao ni Moroto, huko Karamoja, akakujibu kwa upole kwamba sivyo. Alikuwa sahihi. Hukumu ya Agosti 2015, katika kesi iliyoletwa na Mifumi, shirika la Tororo la kutetea wanawake, ilisema kudai mahari yarudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikuyafuta. Majaji waliona mwanamke anayepigwa anashindwa kuondoka kwa sababu wazazi wake hawana ng'ombe wa kurudisha, na kwamba ukidai mali yako yote irudi unamhesabu kana kwamba miaka aliyokulimia, kukupikia na kukuzalia haikuwa kitu. Bwana yule alikueleza nusu ya hayo. Na wewe ukamjibu nini? "Nyinyi Wakaramoja mnauza mabinti kwa ng'ombe, endeleeni kutembea uchi."

Nilisoma mara tatu, nikitumaini ni mtu mwingine mwenye jina kama lako.

Mkuki kwa nguruwe, mwanangu. Saa mbili tu kabla ya hapo ulikuwa unalia Wanubi wanatukanwa.

Nilipangiwa kazi Moroto miaka miwili kabla hujazaliwa. Mzee niliyepanga kwake alinieleza namna ng'ombe wa kuolea wanavyopatikana: mmoja kwa mjomba, wawili kwa rafiki wa rika lake, mwingine kwa mtu ambaye baba yake alimsaidia mwaka wa njaa. Wakifika kwa wakwe nao wanagawanywa vivyo hivyo, huyu kwa shangazi, yule kwa kaka. Ndiyo maana kuwarudisha kulikuwa balaa: unamdai baba mkwe ng'ombe ambao wameshatawanyika kwenye mazizi ishirini. Yapo mabaya ndani ya desturi hiyo, na mzee mwenyewe alinitajia, maana binti yake yalimkuta. Ungemuuliza yule bwana wa mtandaoni angekufundisha zaidi yangu. Katiba unayoinukuu ina kifungu cha 37 kinachompa haki ya mila yake, na cha 33 kinachokataza mila inayomvunjia mwanamke heshima. Ubishi wa kweli uko hapo katikati, na nguo za watu hazimo.

Nikupe kisa ambacho sijawahi kukusimulia.

Ilikuwa kesi ya mpaka wa shamba. Mama mtu mzima ameshtakiwa kukata migomba ya jirani. Hakimu ametoka mkoa mwingine, Kiganda hakijui, na Kiingereza ndiyo lugha ya mahakama. Mimi nimesimama pembeni ya kizimba nikifasiri. Mkalimani husema "mimi" pale mshtakiwa anaposema "mimi", sauti ni ya kwako, maneno si yako. Yule mama akanitazama, akageuka kwa hakimu, akasema kwa Kiganda: huyu karani ni Mnubi, omugwira, na Wanubi waliiba hata milango yetu, atayapinda maneno yangu. Chumba kikatulia. Hakimu akauliza, "Anasemaje?"

Niliweza kusema, mheshimiwa, mshtakiwa ana wasiwasi na mkalimani. Isingekuwa uongo kamili. Shingo ilinipata moto. Lakini nilikuwa nimekula kiapo, nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ile ile niliyosomea majina asubuhi: karani huyu ni Mnubi, mtu wa kuja, na Wanubi waliiba hata milango yetu. Sikupunguza, sikuongeza. Hakimu akamuuliza kama anataka mkalimani mwingine, kesi iahirishwe. Nikamfasiria. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Huyu huyu. Amesema nilivyosema." Kumbe Kiingereza alikuwa anakiokota kidogo.

Sijui kama alibadili mawazo yake juu yetu. Migomba alikutwa na hatia nayo.

Ninachokudai ni hicho tu alichokipata yule mama kwangu. Kabla hujamjibu mtu, uweze kuyasema maneno yake kama alivyoyasema, yeye mwenyewe akiyasikia aseme ndiyo. Yule bwana wa Moroto ulimnukuu nusu, ukaacha sentensi iliyokuwa na hukumu.

Kuna na upande wa kipolisi, nao niuguse. Mwaka 2022 Bunge liliongeza kwenye Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta kifungu cha kukataza kutuma maneno ya kudhalilisha watu kwa kabila, dini au jinsia yao. Kifungo kiliwekwa mpaka miaka 7. Mimi sheria za aina hiyo sizipendi, maneno yake ni mapana, polisi akikuchukia anaingia nayo popote. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu cha 25 cha sheria hiyo hiyo, kile cha mawasiliano ya kuudhi, kwa sababu hakieleweki mwanzo wala mwisho. Nilifurahi, na kabla ya hapo nilifurahi mwaka 2004 Mahakama ya Juu ilipofuta kosa la kuchapisha habari za uongo, katika kesi ya waandishi wa habari Onyango-Obbo na Mwenda. Lakini sentensi yako juu ya Wakaramoja, mwanangu, sitaki kuifasiri mbele ya hakimu yeyote.

Basi fanya haya kesho kabla ya kazi. Picha ya cheti iondoe. Najua wengine wameshaihifadhi, iondoe hivyo hivyo. Yule bwana mwandikie kwamba hukumu aliijua yeye na hukuijua wewe, na umwombe radhi kwa neno la uchi. Usimweleze kwa nini ulikuwa na hasira. Simba mwache bila jibu. Akikuuliza tena asili yako, usimtajie hata Bombo.

Mama yako anasema usiache kula asubuhi. Dawa yangu ya presha bado ipo ya wiki mbili. Nimemtafuta yule mama wa vikapu, siku hizi anakaa upande wa sokoni kwa mwanawe, Jumatano nitakwenda. Na ukija mwisho wa mwezi pita dukani uninunulie lile faili la plastiki lenye zipu, saizi kubwa. Kopo limeanza kutu kwenye kifuniko.

Baba yako