Mdogo wangu, kijana akapimwe masikio

Mdogo wangu,

Jina lako silitaji, wala la kijana, mwanao mdogo. Lakini barua hii naiweka wazi kwa sababu juzi, tulipokaa barazani kwenu Langoni, Lamu, nilisikia wanawake watatu wakikupa jibu lile lile nililopewa mimi hapa Malindi miaka sita iliyopita: "Mwache, watoto wengine huchelewa." Sikutaka kubishana na mavyaa wako mbele ya wageni. Naye anampenda mjukuu wake, hilo halina shaka.

Ulikuwa unakuna nazi. Kila mbuzi ilipokwaruza, kijana aliziba masikio kwa viganja na kujikunja nyuma ya mlango. Ulipomaliza, ukamwita kwa jina mara tatu, mara nne. Hakugeuka. Alikuwa akitazama mwanga uliopenya pazia, akivichezesha vidole mbele ya macho yake. Punda akalia kichochoroni, akashtuka. Jioni nilikuuliza habari za lile neno lake, "mai", yaani maji, alilokuwa akilisema kila akiuona mtungi. Ukanijibu, huku ukikunja nguo, "Ameliacha tangu Ramadhani."

Hilo la "mai" ndilo lililoninyima usingizi. Kuchelewa ni jambo moja, na ni kweli watoto hawalingani. Kupoteza kile ulichokwisha kukipata ni jambo jingine kabisa. Mtoto aliyekuwa na neno, au aliyekuwa akipunga mkono, au akikutazama usoni na kucheka, kisha akaacha, huyo hangojewi, awe na umri wowote. Kijana ana miezi 20. Tusingoje afike miaka miwili ndipo tuhesabu maneno.

Najua utaniambia anasikia, maana punda alimshtua. Dada yangu, kusikia punda si kusikia "njoo". Sikio linaweza kupokea kishindo na likakosa sauti nyembamba za maneno. Hata ukipiga makofi nyuma yake akageuka, huenda ameuhisi upepo wa mikono yako au ameona kivuli chako ukutani. Kipimo cha kweli ni cha mashine, na hakina maumivu.

Binti yangu nilimwita mkaidi mpaka akafika miaka mitatu. Akiwasha televisheni, majirani walisikia. Nikimwita haitiki, na siku moja nilimchapa kwa hilo. Nilikwenda kwenye zahanati moja, nikaambiwa ni deko tu. Alipopimwa hatimaye, kumbe ute mzito ulikuwa umejaa nyuma ya kiwambo cha sikio baada ya mafua ya mara kwa mara. Siku chache baada ya kutibiwa nilikuwa nakoroga chai, akaja mbio kuangalia ndani ya kikombe. Hakuwa ameijua sauti ya kijiko. Kile kibao nilichompiga sijakisahau.

Mtoto husikia tangu tumboni, ndiyo maana kichanga huijua sauti ya mamake. Macho huja polepole. Akizaliwa huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, yaani kutoka kwenye titi hadi usoni pako. Kufikia miezi mitatu anaufuata uso wako ukisogea, kufikia sita anageukia sauti, na akikaribia mwaka anaitika jina na anaanza kuonyesha kitu kwa kidole ili nawe ukione. Hicho kidole kitazame sana. Kijana akitaka kitu huushika mkono wako na kuuvuta kama chombo. Nimemwona.

Na dada yako mdogo anayenyonyesha mwambie hivi: macho ya mtoto yakiendelea kupishana baada ya miezi minne, ampeleke. Mboni ikionekana nyeupe, hata kwenye picha ya simu, aende upesi, asisubiri siku ya kliniki. Wanja nao auache. Najua sote tulipakwa, lakini baadhi ya wanja wa dukani una madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Sikio likitoa usaha, lisimiminiwe mafuta ya nazi.

Ulinionyesha pia anavyokunja nyayo akiwekwa kwenye mchanga wa Shela, na kwamba hali ila wali mweupe. Hayo peke yake yasingenitisha. Mtoto hana milango mitano tu ya fahamu. Ndani kabisa ya sikio kuna kinachomwambia amesimama au ameinama, na kwenye misuli na viungo kuna kinachomwambia mkono wake uko wapi. Mmarekani A. Jean Ayres aliandika sana juu ya jinsi ubongo unavyozikusanya habari hizi zote, kitabu chake kikatoka mwaka 1972. Lakini mwaka 2012 chama cha madaktari wa watoto wa huko Marekani kiliwaonya wenzao wasilifanye tatizo la hisi kuwa jina la ugonjwa linalojitosheleza, kwa sababu mara nyingi nyuma yake kuna jambo jingine la kutafutwa. Kwa hiyo mtu akikuuzia tiba ya "hisi" kabla masikio hayajapimwa, mkimbie.

Inawezekana ni masikio. Inawezekana ni usonji, ile hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa jinsi mtoto anavyowasiliana na watu, au vyote viwili. Mavyaa akitaka kisomo, kisomo na kisomwe. Na masikio yapimwe.

Kwa sasa usimlazimishe mchanga. Tandika jamvi, umwache aguse pembeni mwenyewe. Ukitaka kukuna nazi, muonyeshe mbuzi kwanza, au apelekwe kwa bibi yake upande wa pili. Ukimwita, piga magoti mbele yake akuone mdomo.

Anzia hapo hospitali ya Lamu. Chukua kile kijitabu cha mama na mtoto, kina ukurasa wa hatua za ukuaji ambao wengi hatuufungui baada ya chanjo. Usiseme "amechelewa kusema", maana watakurudisha nyumbani. Sema: "Alikuwa na neno, amelipoteza, na haitiki jina lake." Omba barua ya rufaa ya kupimwa masikio, Mombasa ikibidi. Uliza pia vituo vya serikali vya kutathmini watoto, EARC, vilivyoanza mwaka 1984. Hupima watoto na kuwaelekeza wazazi, hata kabla ya umri wa shule.

Nimekata tiketi ya Jumatatu. Nikifika Mokowe nitakupigia kabla sijapanda boti. Uwe umemkogesha, na kijitabu kiwe mkobani.

Dada yako.