Malalamiko: mlikataa waranti ya kompyuta yangu bila hata kuifungua

Umoja II,
Nairobi.

14 Julai 2025

Meneja,
Duka la Kompyuta,
Luthuli Avenue,
Nairobi.

Kwa Bwana Meneja,

MINT: KOMPYUTA ISIYOWAKA NA WARANTI ILIYOKATALIWA

Mimi ni mteja wenu. Februari mwaka huu nilinunua kwenu kompyuta mbili za mezani, za mtumba kutoka ng'ambo, za aina moja na kwa risiti moja, kila moja ikiwa na waranti ya miezi 6. Nazitumia katika saiba yangu (duka la huduma za kompyuta na intaneti) hapa Umoja. Moja ingali inafanya kazi. Ya pili ilikataa kuwaka mwezi Juni. Nikaileta kwenu, mkanirudishia kwa maneno kwamba bodi, ile sahani kuu ya ndani inayounganisha sehemu zote, imeungua kwa sababu ya stima ya mtaani na kwamba waranti haipo. Naandika kwa kuwa bodi haikuungua, na kwa kuwa hakuna mtu wenu aliyeifungua mashine hiyo kabla ya kunipa jibu hilo.

Ukibonyeza kitufe, kimya. Si kwamba feni inazunguka na skrini inabaki nyeusi, wala si kwamba inawaka kisha inajizima. Hizo ni shida nyingine na fundi yeyote anazitofautisha. Hii haina taa, haina mlio, haina chochote.

Kabla ya kuileta nilifanya yale ambayo mtu wenu wa simu aliniuliza, na mengine ambayo hakuuliza. Soketi ya ukutani niliijaribu kwa taa. Kebo ya stima niliibadilisha na ya skrini, kwa kuwa vichwa vyake ni sawa: skrini ikawaka kwa kebo ya kompyuta, kompyuta isiwake kwa kebo ya skrini. Basi si kebo wala si fyuzi ya plagi. Swichi ndogo ya nyuma ilikuwa upande wa I, yaani imewashwa. Kile kiswichi chekundu cha kuchagua volti kiko 230, panapotakiwa kwa stima yetu ya volti 240. Kingekuwa 115 tungesikia mlipuko siku ile ile ya kwanza. Nikachomoa printa, kibodi, kipanya na kila kilichochomekwa, nikatoa kebo, nikashikilia kitufe nusu dakika hivi ili stima iliyobaki ndani iishe, kisha nikarudisha kebo peke yake. Kimya vilevile. Mtu wenu wa simu akaniambia niizime halafu niiwashe tena. Mashine isiyowaka sijui unaizimaje.

Nikaibeba hadi mjini kwa matatu. Makanga alinitoza kiti cha kasha, na hilo siwadai.

Kijana wa kaunta aliichomeka, akabonyeza kitufe, akainama akanusa matundu ya nyuma, akaniambia, "Mama, bodi imeenda. Ni hii stima yenu ya mtaani." Akaingia nayo chumba cha ndani. Niliporudi kuichukua nililipa shilingi 1,000 za kuangaliwa, nikaambiwa bodi nyingine na kazi ya kuifunga ni shilingi 8,500.

Sasa naomba Bwana Meneja utazame picha ya kwanza niliyoambatisha. Nyuma ya kasha, pale kifuniko cha ubavuni kinapokutana na fremu, kuna stika yenu ya rangi ya fedha inayoonya kwamba ikichanika waranti imekufa. Imefunika kichwa cha skrubu inayoshika kifuniko hicho, na bodi iko nyuma ya kifuniko. Picha hiyo niliipiga palepale kaunta siku ya kuichukua mashine. Stika ni nzima, kona zote nne zimeshika, na juu yake bado kuna alama ya wino wa printa ya saiba yangu. Kando yake nimeweka kadi yenu ya kazi, yenye mhuri wenu, iliyoandikwa: "Bodi imeungua, stima. Nje ya waranti."

Bodi hiyo aliiona nani, na aliionea wapi? Nilimuuliza kijana wenu, nikamwomba aichane stika yeye mwenyewe nikiwa nimesimama hapo, atuonyeshe palipoungua. Akasema foleni ni ndefu. Foleni ilikuwa na mtu mmoja, naye alikuja kununua kipanya.

Mlipokwisha kunikatalia kwa maandishi, nilimwita fundi wa hapa mtaani. Nasisitiza mpangilio huo wa mambo, kwa maana najua mtakimbilia stika. Ilichanwa baada ya waranti kukataliwa, na video inaonyesha inavyochanwa.

Fundi alianza na vitu rahisi. Alichomoa nyaya mbili nyembamba za kitufe cha mbele, akagusanisha vipini vyake kwenye bodi kwa ncha ya bisibisi, kwa sababu mara nyingine kinachokufa ni kitufe tu na mashine haina neno. Haikuwaka. Akaweka mita ya kupimia volti kwenye waya wa zambarau unaotoka kwenye pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachoigawia mashine stima. Waya huo unatakiwa kuwa na volti 5 wakati wote kebo ikiwa ukutani, hata mashine ikiwa imezimwa. Ndiyo stima ndogo inayoiwezesha bodi kujua kwamba kitufe kimebonyezwa. Mita ilisoma sifuri na ushee. Kisha akachomoa kwenye bodi ile plagi pana ya tundu 24, akaunganisha waya wa kijani na mmoja mweusi kwa klipu ya karatasi. Pawa saplai nzima ukiifanyia hivyo hujiwasha yenyewe, feni yake ikazunguka bila kuhitaji bodi. Hii haikutikisika.

Hapo jibu lilishapatikana, lakini nilitaka lisibakie la mdomo. Tukatoa pawa saplai ya ile kompyuta nzima, pacha yake kutoka kwenu, tukaitia kwenye mashine "iliyoungua bodi". Ikawaka. Mlio mmoja mfupi, nembo kwenye skrini, Windows ikafunguka, mafaili yote yapo. Tukachukua ile mbovu tukaitia kwenye pacha, na pacha nayo ikanyamaza. Yote yamo kwenye video bila kukatwa mahali.

Pawa saplai yenyewe fundi hakuifungua, kwa kuwa kapasita za ndani, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi stima, zinaweza kushika stima ya hatari hata baada ya kebo kutolewa. Lakini ukimulika tochi kwenye matundu ya feni unaziona: mbili vichwa vimevimba, na moja imetoa ukoko wa kahawia. Kibandiko chake kinasema imetengenezwa 2012. Kapasita za namna hiyo huchoka kwa joto na miaka, na anayezitazama kabla ya kuuza anaziona. Dukani kwenu pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba kila mashine imekaguliwa ndani na nje.

Kuhusu stima ya mtaani: sitaisifu, tunaijua wote. Ila kompyuta zote mbili zilikuwa zimechomekwa kwenye UPS moja, kile kifaa chenye betri kinachoshika stima ikipotea. Mnieleze stima iliyopanda ilivyochagua moja ikaacha nyingine iliyo kando yake. Na hata ingekuwa stima, masharti ya nyuma ya risiti yenu yanataja kuvunjika, kumwagikiwa maji na kuchanwa kwa stika. Stima haimo. Hamwezi kuongeza sharti kaunta mteja akiwa ameshalipa.

Hasara yangu mnaweza kuikisia wenyewe mkikumbuka mwezi wenyewe. Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya watu kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na wiki za mwisho za Juni ndizo zinazolipa kodi ya chumba cha saiba kwa miezi ya kiangazi. Nilikuwa na mashine moja, na watu wamesimama hadi nje ya mlango, kisha wanavuka barabara kwenda kwa jirani. Sikuandika hesabu ya kila aliyeondoka, na sitawaundia hesabu hiyo. Ninachodai ni hiki tu: mnipe pawa saplai inayofanya kazi, isiyo na kapasita zilizovimba, mkiifunga nikiwapo, mnirudishie shilingi 1,000 za kuangalia ambako hakukufanyika, na muifute kwa maandishi ile kauli ya "bodi imeungua", kwa sababu siku nikitaka kuiuza mashine hii, kadi hiyo itaniharibia bei. Waranti iendelee kuanzia siku ya matengenezo, kwa muda wote mliokaa nayo na niliokaa nayo ikiwa imekufa.

Bodi mpya siitaki. Niliyonayo ni nzima.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamtaka mfanyabiashara auze bidhaa zenye ubora wa kuuzika, na Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaostahili na ya fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Nawapa siku 14 kuanzia tarehe ya barua hii. Zikipita, nitapeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na dai langu nitalifungua katika Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani. Mahakama hiyo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, mtu anaweza kwenda bila wakili, na sheria yake inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60. Fundi amekubali kuja na mita yake.

Jambo la mwisho ni la diski. Mara ya kwanza mliichukua mashine ikiwa na diski yake, na kwenye diski hiyo kuna nakala za vitambulisho na PIN za KRA (nambari za mlipakodi) za wateja wangu. Hakuna aliyeniuliza kama nataka kuitoa. Chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019 data hizo ni dhamana yangu, kwa hivyo nitakapoleta kasha kubadilishiwa pawa saplai, diski itabaki Umoja. Kazi hiyo haihitaji diski, na fundi wenu akisema anaihitaji nitajua hajabadilisha pawa saplai maishani.

Naweza kuja siku yoyote ya juma kabla ya saa nne asubuhi. Nambari yangu ya simu iko kwenye risiti.

Wako mwaminifu,

Mwenye saiba, Umoja II
(jina kamili limo kwenye risiti)

Viambatisho: nakala ya risiti, pande zote mbili, nakala ya kadi ya kazi yenye mhuri, picha ya stika ikiwa nzima, picha ya kibandiko cha pawa saplai, video ya vipimo, kwenye flashi.