Kilichookotwa ndani ya basi si hirizi, ni medali ya Mtakatifu Kristofa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzetu wa Makambako, ambaye barua yake mliichapa wiki iliyopita pamoja na picha ya kisahani cha madini alichokiokota ndani ya basi, kimebanwa kati ya kiti na ubavu wa gari. Alieleza kwamba abiria wa jirani alimhimiza akitupe mtoni upesi, eti ni kinga ya mwenye basi, na atakayekishika ndiye atakayefuata kutolewa kafara. Yeye hakukitupa. Alikifunga kwenye karatasi, akaenda nacho nyumbani, na sasa usingizi haumjii. Na alale. Alichonacho ni medali ya Mtakatifu Kristofa, na aliyeipoteza huenda anaitafuta mpaka leo.

Mimi ni fundi saa hapa Songea. Mezani kwangu hupita saa, lakini pia mikufu, rozari zilizokatika na medali ambazo kitanzi kimelika, maana Wakatoliki ni wengi huku kwetu tangu Wabenediktini walipofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898. Picha ile niliitambua kabla sijavaa miwani.

Tazameni tena. Ni mwanamume wa miraba minne, amesimama ndani ya maji, ana fimbo ndefu kama mti mzima, na begani amebeba mtoto. Uso ameuinua upande, anamtazama huyo mtoto kwa mshangao. Mtoto mara nyingi hushika tufe dogo lenye msalaba juu yake, ndiyo dunia. Watakatifu waliobeba mtoto ni kadhaa: Yosefu humpakata, na utaona ua la yungiyungi karibu naye, Antoni wa Padua ana kanzu ya kitawa na kitabu. Anayesimama majini na mtoto begani ni Kristofa tu.

Kisa chenyewe kilienea Ulaya katika karne ya 13. Jitu moja la Kanaani, jina lake Reprobus, liliapa kumtumikia mfalme mkubwa kuliko wote. Likaanza na mfalme mmoja, likamwona akimwogopa Shetani. Likahamia kwa Shetani, likamwona akiukwepa msalaba uliosimikwa njiani. Ndipo mtawa mmoja aishiye peke yake akalipa kazi: kaa kando ya mto huu mkali, uwavushe watu begani. Usiku mmoja akaja mtoto. Kila hatua mtoto akazidi kuwa mzito, maji nayo yakapanda, jitu likafika ng'ambo likihema. Mtoto akajitambulisha kuwa ni Kristo, na kwamba jitu limebeba dunia pamoja na aliyeiumba. Akaliambia lichomeke fimbo ardhini. Asubuhi ikakutwa imechipua majani na matunda kama mtende. Sisi tuliokulia karibu na Ruvuma, ambako mvushaji alikuwa mtu wa kuheshimiwa kuliko mwenye duka, kisa hiki hatuhitaji kufafanuliwa. Kanisa lenyewe halikidai kuwa historia. Linalomkumbuka ni shahidi aliyeuawa huko Lisia, katika nchi iitwayo leo Uturuki, ambaye habari zake za kweli ni chache mno.

Hapo kuna jambo moja linalonikera, na nimelisikia hata kwa walioketi viti vya mbele kanisani: kwamba Kristofa alifutwa utakatifu. Hakufutwa. Mwaka 1969 Papa Paulo VI alipopanga upya kalenda, sikukuu yake iliondolewa katika kalenda ya Kanisa zima ikaachiwa makanisa ya mahali. Jina bado limo katika Martirolojia ya Roma, yaani orodha rasmi ya watakatifu, tarehe 25 Julai.

Msomaji wetu aliogopeshwa zaidi na maandishi ya ukingoni, ambayo aliyanakili hivi: CHRISTOPHORUS SCHUTZE UNS. Akadhani ni maneno ya kuita majini. Ni Kijerumani: Kristofa, utulinde. Nadhani herufi U katika SCHUTZE ina nukta mbili juu ambazo zimesuguliwa na miaka. Na medali ya Kijerumani katika basi la Nyanda za Juu Kusini si ajabu hata kidogo. Wamisionari wa Peramiho na Ndanda walitoka Ujerumani. Isitoshe, nchini Austria kuna shirika liitwalo MIVA ambalo kila Julai, karibu na sikukuu ya Kristofa, huwaomba madereva watoe sehemu moja ya kumi ya senti kwa kila kilomita waliyoendesha bila ajali, na fedha hizo hununulia misheni magari, pikipiki na baiskeli katika nchi maskini. Mzungu anayemshukuru Kristofa kwa kufika salama ndiye huyo huyo aliyemsaidia padre kufika kigango cha mbali.

Wafaransa nao wana yao, yenye maneno yanayomaanisha “Mtazame Mtakatifu Kristofa, uende zako bila wasiwasi.” Yanatokana na imani ya zamani ya Ulaya kwamba atakayeiona sura ya Kristofa siku hiyo hatakufa kifo cha ghafla. Ndiyo maana makanisa mengi ya kale yalimchora mkubwa sana ukutani, mkabala na mlango, ili hata mpita njia mwenye haraka achungulie tu na kuendelea na safari.

Je, basi ni hirizi ya Kizungu? Swali ni halali, silikwepi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2117, inakataza waziwazi kuvaa hirizi. Medali inahesabiwa kuwa kisakramenti, pamoja na maji ya baraka na rozari: haina nguvu yake yenyewe, inamkumbusha mtu kusali, na ina sala ya Kanisa iliyosomwa juu yake. Dereva Mwislamu akibandika dua ya safari kwenye kioo cha mbele hakuna anayeshuka kwa hofu. Kila mtu anajua ni maombi. Ila dereva anayeivaa medali kisha akashuka mlima Lukumburu kwa fujo kwa kuwa amevaa medali, huyo amejitengenezea hirizi mwenyewe. Kristofa hakagui breki.

Nina neno pia kwa wale wanaochoma wanachookota. Ipo medali nyingine inayoteseka kuliko hii, ya Mtakatifu Benedikto, kwa sababu imejaa herufi pweke: C S P B, na kuzunguka ukingo mfululizo unaoanza V R S N S M V. Nimeletewa moja imeungua nusu. Aliyeiokota aliambiwa ni ya Freemason. C S P B ni Msalaba wa Baba Mtakatifu Benedikto kwa Kilatini, na zile za ukingoni ni herufi za mwanzo za sala ya Kilatini inayomwambia Shetani arudi nyuma na anywe mwenyewe sumu yake. Waliichoma ili kumfukuza Shetani.

Sasa kwa msomaji wa Makambako, kazi yangu ya fundi. Usiisugue kwa majivu wala mchanga, utafuta sura na maandishi ambayo ndiyo ushahidi wa mwenyewe. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo, mswaki laini, basi. Tafuta namba ndogo sana karibu na kitanzi au nyuma: 800, 835 au 925 ni viwango vya fedha, na 835 hupatikana sana katika vitu vya Kijerumani. Kama hakuna namba na medali ni nyepesi mno mkononi, ni alumini, haina bei sokoni. Nalisema hili mapema ili asije mtu na tamaa.

Kisha igeuze. Upande wa nyuma ndiyo maana ya barua yangu hii ndefu. Nyingine zina gari, meli au ndege. Nyingine, hasa za Kiingereza, zina maneno haya: “Mimi ni Mkatoliki, tafadhali mwite padre.” Yaliwekwa kwa ajili ya ajali, ili anayekuokota barabarani, nawe huwezi kusema, ajue amwite nani. Na nyingi huachwa tupu makusudi ili ichongwe tarehe ya ubatizo, ya upadirisho, au jina la aliyetoa zawadi. Ya kuchongwa kwa mkono utaijua: mikwaruzo yake ina kingo kali, ilhali maandishi ya kiwandani yameinuka na kingo zake ni za mviringo.

Ndugu Mhariri, hapo ndipo nakuomba. Msomaji akikuletea picha ya nyuma, usiichape. Mbele tumeshaiona sote, hata tapeli ameiona. Anayekuja kudai na aulizwe kilichoko nyuma, akitaja, apewe. Asipotokea mtu, ipelekwe kwa paroko wa karibu itangazwe baada ya Misa, na yule konda wa basi aambiwe pia, kwa sababu aliyepoteza kitu kiti cha dirishani huanza kuuliza kwa konda.

Kitanzi, kwa ninavyoona pichani, kimefunguka upande mmoja. Ndicho kilichoiangusha. Mwenyewe akipatikana, nitakifunga bure.

Fundi saa,
Majengo, Songea