Kobe wa jangwani si pambo la picha

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuandika hata mstari, lakini makala ya baiskeli za changarawe (zile za kupita barabara zisizo na lami) kule Nevada, Marekani, imenishinda kuinyamazia. Ukurasa mzima ni gia, upana wa matairi na mapigo ya moyo ya mwandishi wenu. Wanyama? Sentensi moja, tena pembeni ya picha.

Barabara aliyoisifu, Mormon Well Road, imo ndani ya Desert National Wildlife Refuge, kaskazini mwa Las Vegas. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya kondoo pori wa jangwani, si kwa ajili ya mapaja yetu. Baiskeli zinaruhusiwa, sawa, ila zisitoke barabarani. Nami ni mwendeshaji, na ule mlima wa barabara hiyo naupenda kuliko anavyoupenda mwandishi wenu.

Majira ya kuchipua yaliyopita nilikuwa sehemu za chini nikipanda kwa gia ndogo kabisa, tairi la nyuma likichezacheza kwenye kokoto, mara kundi la waendesha baiskeli likashuka kwa fujo. Barabara pale imejikunja kama bati, kwa hiyo wenzetu wakaona heri wapite pembeni kwenye udongo laini. Ule udongo una ukoko mweusi ulio hai, vijidudu vinavyoshikilia mchanga usipeperuke. Ukishakanyagwa, huchukua miongo kupona. Haya, hilo tuliache. Mmoja wao akamwona kobe, akafunga breki, akamnyanyua juu na kumvika miwani yake ya jua ili apigwe picha. Kobe akamwaga mkojo wote. "Kanikojolea!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kobe wa jangwani huweka akiba ya maji kwenye kibofu. Akishtushwa akaimwaga, anaweza kufa kwa kiu kabla mvua haijarudi. Kobe hao wa jangwa la Mojave wamo kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya viumbe walio hatarini tangu 1990. Nilipomwambia yule aliyemnyanyua amshushe, akaniuliza kama mimi ni askari wa wanyamapori. Sikuwa. Je, lazima uwe askari ndipo uone aibu?

Na hizo droni! Zimepigwa marufuku katika hifadhi hizo, lakini picha yenu kubwa, ile ya barabara ikipinda huku chini, sijui ilipigwa na tai gani. Mtujibu.

Makala ijayo mpeni mwandishi huyohuyo. Apande mwezi wa Julai, maji yake yote yawe kwenye chupa moja, na sisi wengine tumvizie mahali kwenye kona. Akifika, tumnyanyue, tumvike miwani, tumpige picha, na tusimshushe mpaka chupa imwagike.

Msomaji wenu, mwendesha baiskeli