Dakika 20 za "2112" si nyingi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu mwandishi wa safu yenu ya muziki, aliyeandika wiki iliyopita kwamba albamu zinazosimulia kisa kimoja cha anga za juu tangu mwanzo hadi mwisho zimekwisha kufa, na kwamba msikilizaji wa Kitanzania hana haja nazo kwa kuwa wimbo wa dakika 20 si wimbo. Mfano alioutoa ni "2112" ya bendi ya Rush. Albamu hiyo naipenda tangu ujana wangu, kwa hiyo siwezi kunyamaza.

Rush walikuwa vijana watatu wa Toronto, Kanada. Geddy Lee alipiga besi na kuimba, Alex Lifeson alipiga gitaa, na Neil Peart, aliyefariki Januari 2020, alipiga dramu na kuandika mashairi. Albamu yao ya 1975, "Caress of Steel", ilikuwa na nyimbo ndefu na haikununuliwa. Kampuni iliyokuwa ikitoa santuri zao ikawataka walete nyimbo fupi zinazofaa redioni. Wakakataa. Upande mzima wa kwanza wa santuri iliyofuata, ndiyo hiyo "2112", wakaujaza kisa kimoja chenye sehemu saba, dakika 20 na ushee, wakijua kwamba kikishindwa ndiyo basi tena. Ilitoka 1976. Marekani peke yake imefikisha nakala milioni 3, na mwaka 2016 ikatolewa upya kuadhimisha miaka 40. Kitu kilichokufa hakitafutwi hivyo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka ni 2112. Sayari zote zimo chini ya Shirikisho la Jua, na wenye amri ni makuhani wa Mahekalu ya Syrinx. Ndani ya mahekalu hayo mna kompyuta kubwa, na humo ndimo yanamotoka maneno yote ya kusomwa, picha zote za kutazamwa na nyimbo zote za kuimbwa. Watu wanapokea, wameridhika. Siku moja mtu mmoja, ambaye hata jina hatupewi, anaingia kwenye pango nyuma ya maporomoko ya maji na kukuta kitu chenye nyuzi. Ni gitaa. Hajawahi kuliona maishani mwake.

Hapo ndipo namwomba mwandishi wenu arudi asikilize kwa utulivu. Kwanza unasikia maji yakitiririka. Halafu uzi mmoja unaguswa, umelegea, hauna sauti ya kupendeza. Unakazwa. Unaguswa mwingine. Lifeson, fundi mkubwa wa gitaa, hapa anapiga kama mtu asiyejua vidole viende wapi. Polepole nyuzi mbili zinapatana, kisha zote, kisha vidole vinakutana na mpangilio mmoja mtamu, vinaurudia kana kwamba havitaki kuupoteza, na mwisho mkono unapata nguvu ya kupiga nyuzi zote kwa pamoja. Mimi nilipoisikia mara ya kwanza Kiingereza changu kilikuwa cha darasani tu, na sikuhitaji mtu wa kunieleza. Yeyote aliyejifunza gitaa la kuazima huku Unyanyembe, pungufu ya nyuzi mbili, bila mwalimu, anaijua hali ile. Sasa upewe dakika tatu za kuimba kisa kizima: sehemu ya kwanza kutupwa itakuwa hiyo, kwa sababu hakuna anachoimba mtu hapo isipokuwa maneno machache. Na ukiitupa hiyo, albamu nzima haina roho.

Kinachofuata kinauma. Yule mtu analipeleka gitaa hekaluni. Lee anaimba pande zote mbili za mazungumzo. Akiwa yule mtu sauti iko chini, ina adabu na matumaini, na akiwa makuhani inapanda juu na kuwa kali, na bendi nzima inabadilika pamoja naye. Kuhani analikanyagakanyaga gitaa mpaka livunjike. Mwenye nalo anarudi pangoni na kukata tamaa hadi kujiua, baada ya kuota watu wa kale walioziacha sayari hizi wakaenda kujenga kwingine, na sanaa zao wakaondoka nazo. Mwishoni panazuka vita, na sauti inazitangazia sayari zote kwamba wao sasa wameshika hatamu. Wao nani? Hatuambiwi, na mashabiki wamelibishania hilo kwa miaka mingi. Mimi niko na wanaosema ni wale wa ndotoni wamerudi kwao, maana ndoto ile isingewekwa pale bure.

Lipo jambo moja linalopaswa kusemwa wazi. Peart aliandika kwenye jalada kwamba anamshukuru Ayn Rand, mwandishi aliyehubiri kwamba mtu ajitazame yeye kwanza. Kitabu chake cha 1938, "Anthem", kina kisa kinachofanana: mtu katika jamii iliyopigwa marufuku kusema "mimi" anagundua upya taa ya umeme. Kwa ajili ya shukrani hiyo, mwaka 1978 gazeti moja la muziki la Uingereza liliwaita Rush wafuasi wa siasa za kifashisti, ilhali wazazi wa Geddy Lee walinusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi. Mimi nimekulia katika nchi ya Azimio la Arusha, mafundisho ya Rand siyakubali hata kidogo, na miaka ya baadaye Peart mwenyewe alijitenga nayo. Lakini mtazame mtu wetu wa pangoni. Gitaa halifichi. Hatafuti faida wala sifa. Wazo linalomjia papo hapo ni kwamba watu wote walione, kila mmoja aweze kupiga muziki wake, na anawapelekea wakubwa akiamini nao watafurahi. Huyo ni mtu wa watu. Naamini ndiyo sababu albamu hii imeishi kuliko ubishi wote ulioizunguka, na ndiyo sababu inamfikia msikilizaji ambaye jina la Rand hajawahi kulisikia.

Nikija kwenye hoja kwamba kisa kirefu kinachoimbwa si chetu, hapo kwa kweli nilisikitika. "Utendi wa Tambuka" uliandikwa Pate mwaka 1728, una beti zaidi ya 1,000, na tenzi zetu hughaniwa kwa sauti, hazisomwi kimyakimya. Wimbo mmoja wa taarabu unavuka dakika kumi na hakuna anayeinuka. Hapa Tabora palikuwa na bendi za Kiko Kids, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz na mtindo wao wa Segere Matata, na ukumbini mwimbaji akinyamaza ndiyo kwanza gitaa la solo linaanza kusema. Kilichozikata nyimbo hizo zikawa fupi ni santuri ndogo, isiyobeba zaidi ya dakika chache kila upande. Nyingine ililazimu ziwekwe sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule. Tusigeuze upungufu wa santuri ukawa tabia ya Mswahili.

Ombi langu, Mhariri, ni kwamba gazeti lako liviombe vituo vya redio vya Tabora na Kigoma vitenge saa moja kwa wiki, usiku wa Jumapili kwa mfano, ipigwe kazi moja nzima bila tangazo katikati. Wiki moja iwe "2112" upande wa kwanza, mtangazaji akiwa ameeleza kisa kwa Kiswahili kabla ya kuanza. Wiki ya pili iwe Tabora Jazz, na nyimbo za sehemu mbili ziunganishwe zisikike kama zilivyopigwa ukumbini.

Msomaji wako,
Isevya, Tabora