Kwa vijana mnaotaka kusimamisha sanamu Hamburg

Wanangu,

Mchoro wenu wa mnara wa kuwakumbuka waliokufa katika vita vya Maji Maji umenifikia. Nia yenu nimeipenda. Mchoro, hapana. Mmechora jitu la mkuki, kifua mbele, mguu juu ya jiwe. Wissmann, gavana wa Kijerumani aliyetutawala, naye alikuwa na kifua hicho hicho. Sanamu yake ilisimamishwa Dar es Salaam mwaka 1909, chini yake askari mweusi akimwangalia kwa unyenyekevu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaletwa huku, ikawekwa mbele ya chuo kikuu mwaka 1922, hadi wanafunzi walipoiangusha 1968.

Kabla hamjamlipa fundi hata senti moja, nendeni Rathausmarkt, uwanja wa mbele ya jumba la mji, pale ngazi zinaposhukia majini. Lipo jiwe jembamba, kimo chake mita 21, mnalipita kila siku mkikimbilia treni. Upande mmoja limeandikwa kwamba wana 40,000 wa mji huu walipoteza maisha kati ya 1914 na 1918. Zungukeni upande wa pili. Pana mama amesimama, na mtoto amejibana kwake. Basi. Bendera hakuna, bunduki hakuna, hata machozi hayakuchongwa.

Aliyemchora mama yule ni Ernst Barlach, mzaliwa wa Wedel, hapo chini tu mtoni. Msidhani alizaliwa mpenda amani. Vita vilipoanza alivishangilia, na mwaka 1915 akajitolea mwenyewe kuwa askari. Alirudi mtu mwingine. Ndiyo maana namwamini zaidi ya wale waliochonga mashujaa wakiwa sebuleni kwao.

Kazi yake ninayoipenda kuliko zote iko Güstrow, mji aliohamia mwaka 1910. Ni mtu wa shaba nyeusi, ananing'inia kanisani kwa mnyororo, amelala hewani, macho kafumba, mikono kaikunja kifuani. Uso ni wa Käthe Kollwitz, mchongaji mwenzake aliyefiwa na mwanawe katika vita vile. Barlach alisema uso huo ulijileta wenyewe. Wanazi hawakumtaka mtu huyo. Walitaka askari anayetazamia ushindi, si maiti inayoelea. Mwaka 1937 wakaishusha, baadaye ikayeyushwa kwa ajili ya silaha. Mama wa Rathausmarkt naye wakamfuta, wakaweka ndege tai. Barlach akafa mwaka 1938 huku karibu kazi 400 zake zimeng'olewa kwenye majumba ya sanaa.

Ila kalibu ilikuwa imesalia. Rafiki zake wakamwaga shaba upya kwa siri, wakaificha kijijini hadi Vita vya Pili vya Dunia vikaisha. Sanamu hiyo leo iko Köln, na kutokana nayo wakatoa nyingine iliyorudi Güstrow mwaka 1953. Mama wa hapa alichongwa upya 1949.

Sisemi mwige mama wa Kijerumani. Nawauliza: wale waliokufa kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa, ambao ndio wengi, kwenye mchoro wenu wako wapi? Nyanya yangu hakushika mkuki. Alichimba mizizi porini.

Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa pale ngazini, upande wa mama. Njooni na karatasi tupu, ule mchoro uacheni nyumbani. Na mmoja wenu abebe chai, upepo wa maji yale sasa unaniingia mifupani.

Mimi mzee wenu.